Tangi la Choo Lisiloacha Kuvuja

Tangi la choo cha kuflashi, yaani lile sanduku la maji linalokaa nyuma ya sinki la choo au kuning'inia ukutani juu yake, lina milango miwili tu, mmoja wa kuingiza maji na mwingine wa kuyaachilia, na uvujaji unaorudi kila baada ya matengenezo aghalabu hutokana na mlango mmoja kuwa mbovu huku fundi akiwa ameutengeneza ule mwingine. Kosa hilo ni rahisi kutokea kwa sababu dalili ni moja: maji membamba yanayoteremka ndani ya sinki mchana na usiku, pasipo mtu aliyeflashi, huonekana vilevile yawe yamepenya chini ya mpira uliochoka wa mlango wa kutolea au yamejaa kupita kiasi na kumwagikia katika bomba la ziada, yaani lile la ndani ya tangi linalopeleka sinkini maji yaliyozidi. Fundi bomba akiyaona hununua mpira, na usipofaa hununua seti nzima ya vifaa vya ndani, na bado choo huendelea kulia.

Katika Kidahwe, kata ya Wilaya ya Kigoma ambako barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Uvinza, vyoo vya aina hii hupatikana zaidi katika nyumba za wageni, ofisi na nyumba mpya za kando ya barabara kuliko katika kaya za ndani, ambako choo cha shimo ndicho kilichozoeleka. Hata hivyo hasara ya tangi moja linalovuja si ndogo. Maji yanayoweza kujaza glasi ya robo lita kwa dakika 5 hufikia lita 3 kwa saa na lita 72 kwa siku, ambazo ni zaidi ya ndoo tatu na nusu za lita 20, na kwa siku 30 huwa lita 2,160, kiasi kinachozidi uniti 2 za mita ya maji, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Anayebeba maji kichwani hahitaji kufafanuliwa uzito wa ndoo tatu na nusu. Anayedanganyika ni mwenye bomba la ndani, kwa sababu maji hayo hayalowanishi sakafu wala hayaachi alama yoyote isipokuwa kwenye bili.

Kwa hiyo uchunguzi hutangulia ununuzi. Njia iliyo rahisi ni kutia ndani ya tangi matone ya rangi ya chakula, au wino ikikosekana, kisha kuacha choo bila kuflashi kwa muda wa nusu saa: rangi ikijitokeza ndani ya sinki ilhali maji ya tangi hayajafika kwenye mdomo wa bomba la ziada, mlango wa kutolea unavuja. Njia ya pili, ambayo hueleza mengi zaidi, ni kufunga koki ya ukutani, kuchora mstari wa penseli usawa wa maji, na kurudi baada ya saa moja au mbili. Maji yasiposhuka, kasoro iko kwenye mlango wa kuingizia. Yakishuka hadi chini kabisa, mpira wa kutolea haukai vizuri. Nayo yakishuka na kusimama katikati, pale yaliposimama ndipo palipo na ufa, ambao mara nyingi huwa kwenye bomba la ziada lenyewe. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na ni ajabu kwamba hufanywa mara chache sana.

Mlango wa kutolea ni mpira laini unaokalia ukingo wa mviringo, na kazi yake hutegemea ukingo huo kuwa laini na safi. Hapa maji ya mwambao wa Ziwa Tanganyika yana tabia yake. Ziwa hilo, lenye kina kinachofika takriban mita 1,470, hupoteza maji yake mengi zaidi kwa kugeuka mvuke kuliko kwa kutoka kupitia Mto Lukuga, na mvuke hauondoki na chumvi wala madini, ambayo sehemu yake kubwa huletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Ndiyo maana maji ya ziwa yana asili ya alkali, kipimo chake cha pH kikikaribia 9. Maji ya namna hiyo, yanapokauka na kujaa tena mara kwa mara ndani ya tangi kwa sababu ya mgawo wa maji, huweza kuacha utando mweupe mgumu kwenye ukingo, na mpira mpya ukiwekwa juu ya utando huo utavuja kama ule wa zamani. Dawa yake ni siki au maji ya ndimu, kwa kuwa asidi huyeyusha utando wa aina hiyo: tangi huondolewa maji, kitambaa kilichoroweshwa siki hulazwa juu ya ukingo kwa saa kadhaa, kisha pakasuguliwa kwa sponji. Kukwangua kwa kisu hakufai, kwa sababu mikwaruzo ya plastiki huwa mifereji mipya ya maji, na siki haichanganywi kamwe na jiki, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini iliyo sumu. Vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa tangini ili kung'arisha choo navyo huufanya mpira uwe mgumu na kupasuka kabla ya wakati wake.

Inafaa kukumbukwa kwamba mpira huu si sehemu ya lazima ya choo. Matangi ya kuvuta kwa mnyororo, ambayo Waingereza waliyaeneza katika makoloni yao, yalitumia sifoni, yaani bomba lililopinda kama shingo ya bata na kupanda juu ya usawa wa maji kabla ya kushuka, hivyo maji hayakuweza kutoka mpaka yasukumwe kuvuka kilele hicho. Uingereza iliruhusu milango ya mpira katika matangi mapya kuanzia mwaka 2001 tu, na sababu ya kusita kwake ilikuwa hofu ya uvujaji huuhuu.

Ipo kasoro nyingine ambayo kipimo cha rangi huionyesha lakini mpira mpya hauiponyi. Kifaa chote cha kutolea hushikwa kwenye sakafu ya tangi kwa nati kubwa ya plastiki yenye washa ya mpira, na washa hiyo ikilegea maji hupita chini ya kifaa, nje ya mlango, yakaingia moja kwa moja kwenye sinki. Hapo hakuna njia ya mkato: tangi hufunguliwa, washa hubadilishwa, na nati hukazwa kwa mkono na kuongezwa kidogo tu kwa spana, kwa sababu kauri iliyokazwa kupita kiasi hupasuka.

Mlango wa kuingizia hutawaliwa na boya, neno ambalo wavuvi wa Kibirizi na Katonga, kando ya ziwa, wanalijua kwa kazi nyingine, lakini kanuni ni ileile: kitu chepesi huelea, na kikipanda pamoja na maji huusukuma mlango ufunge. Boya lililotoboka na kunywa maji halipandi ipasavyo, nalo hutambulika kwa kutikiswa. Lililo zima hurekebishwa kwa skrubu yake mpaka maji yasimame kiasi cha sentimita mbili chini ya mdomo wa bomba la ziada. Kinachosumbua zaidi ni mchanga na kutu vinavyosafiri na maji ya kwanza baada ya mgawo, na kule bara, kama Kidahwe, ambako maji si lazima yawe ya ziwa, tope la kisima au mto hufanya kazi hiyohiyo. Chembe moja ikikwama chini ya kiwambo, yaani kile kipande chembamba cha mpira ndani ya mlango, mlango huo haufungi kamwe. Kiwambo hutolewa na kuoshwa, kisha koki hufunguliwa kwa sekunde chache huku kikombe kikiwa kimefunika tundu, ili uchafu uliobaki utoke.

Yakishafanyika hayo yote, hubaki tangi linalotulia mchana na kuvuja usiku. Sababu ni msukumo wa maji, ambao mafundi huuita presha: watu wakilala na koki zikafungwa mtaa mzima, msukumo ndani ya mabomba hupanda na kulishinda boya. Milango ya kuingizia hutengenezwa kwa matundu tofauti, tundu dogo kwa bomba lenye msukumo mkubwa na tundu pana kwa maji yanayoshuka kutoka simtanki, ambayo ikiinuliwa mita 4 hutoa takriban baa 0.4 tu. Mlango wa tundu pana ukiunganishwa na bomba la mtaani utavuja kila usiku hata ukiwa mpya, na ule wa tundu dogo ukiwekwa chini ya simtanki utajaza tangi polepole mno, kwa hiyo mnunuzi anayeeleza dukani maji yake yanatoka wapi hupata kifaa kinachofaa kwa bei ileile.