Video za Mtandaoni katika Maktaba ya Shule: Mambo ya Kuzingatia

Maktaba nyingi za shule sasa hutumia video za mtandaoni pamoja na vitabu. Video huweza kumwonesha mwanafunzi jinsi moyo unavyosukuma damu au volkano inavyolipuka, mambo ambayo picha ya kitabuni haiwezi kuyaeleza kikamilifu. Hata hivyo, video isiyolipiwa haikosi gharama. Tunawashauri wakutubi, walimu na kamati za shule wazingatie yafuatayo.

Matumizi ya data. Kwa makadirio, video ya dakika 10 yenye ubora wa 480p hutumia megabaiti 100. Wanafunzi 40 wakiifungua kila mmoja kwa kifaa chake, bando la shule hupungua kwa takriban gigabaiti 4. Ikioneshwa mara moja kwa projekta, hutumika megabaiti 100 tu. Ubora ukipandishwa, matumizi huongezeka. Kwa hiyo mkutubi auchague ubora mwenyewe, na azime mpangilio unaoruhusu video nyingine kuanza yenyewe. Aidha, programu ya Kolibri, ambayo hutolewa bure, huwezesha masomo kupakuliwa mara moja na kutazamwa baadaye bila intaneti.

Haki za mtunzi. Video kuwepo mtandaoni si ruhusa ya kuinakili na kuisambaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi. Shule itafute video zenye leseni ya Creative Commons, isome masharti yake na imtaje mtunzi.

Ukaguzi wa maudhui. Mwalimu aitazame video yote kabla ya wanafunzi na ailinganishe na muhtasari wa somo. Video ya Ulaya kuhusu majira manne ya mwaka ni sahihi kwa Ulaya, lakini mtoto wa Dodoma aliyezoea masika na kiangazi atachanganyikiwa asipofafanuliwa.

Usalama wa mtoto. Mwanafunzi asitakiwe kuandika jina lake, namba ya simu au picha yake ili atazame somo. Itumike akaunti ya maktaba, chini ya uangalizi wa mkutubi.

Malalamiko. Bando likiisha kwa namna isiyoeleweka, shule iwasilishe malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wake na itunze kumbukumbu za manunuzi na majibu. Isiporidhika, ituletee shauri hilo pamoja na kumbukumbu hizo.