Watoto Wanapokuwa Wao kwa Wao

Mtoto ambaye mbele ya wazazi wake hujibu kwa neno moja, macho ameyainamisha kwa adabu, aghalabu huwa mtu mwingine kabisa awapo pamoja na wenziwe: huko ndiye mtoa amri wa mchezo, ndiye kadhi wa magomvi, ndiye msimulizi ambaye wengine humkusanyikia, na kinyume chake, yule anayesifiwa nyumbani kwa uchangamfu na ulimi mwepesi, uwanjani aweza kusimama pembeni mwaka mzima asiitwe hata mara moja kuingia katika rede wala kombolela. Sehemu kubwa ya tabia ya mtoto hufinyangwa mahali ambapo mzazi hayupo na mwalimu hatazami: njiani kwenda shuleni, chini ya mwembe wakati wa mapumziko, na katika madawati ya nyuma ambako sauti hushuka. Wataalamu wa elimu ya nafsi na wa afya ya watoto walipolitambua jambo hili, liliwakabili swali gumu kuliko lionekanavyo, nalo ni hili: mtu mzima atawatazamaje watoto wakiwa wao kwa wao, akaona yaliyopo kweli, wala si yale aliyokwisha kuyasadiki kabla hajaketi kutazama?

Jawabu mojawapo la mapema lilitoka Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako Mildred Parten aliwachunguza watoto wa chekechea, wenye umri wa tangu miaka miwili hadi karibu mitano, katika saa yao ya kucheza wapendavyo, na matokeo ya kazi yake yakachapishwa mwaka 1932. Ustadi wake haukutokana na chombo chochote cha ajabu. Ulitokana na nidhamu aliyojitwika. Alimtazama mtoto mmoja kwa dakika moja tu, akaandika namna alivyokuwa pamoja na wenziwe au mbali nao, kisha akahamia kwa mwingine, na siku ya pili vivyo hivyo, mpaka dakika za kila mtoto zikalimbikana kuwa ushahidi. Humo alipambanua hali sita: mtoto asiye na shughuli yoyote, achezaye peke yake, atazamaye wenziwe pasipo kuingia, achezaye kando ya mwenzie kwa vitu vile vile lakini kila mmoja na lake, achezaye pamoja na wengine, wakiazimana vitu na kusemezana, bila ya mpango, na mwisho achezaye katika kundi lenye shauri moja, ambamo huyu amewekwa kuwa mama, yule mwenye duka, na yule mgonjwa. Kadiri umri ulivyopanda ndivyo hali mbili za mwisho zilivyozidi.

Wengi waliomfuata waliichukua orodha hii wakaifanya madaraja ambayo kila mtoto sharti ayapande moja baada ya moja, na aliyechelewa akahesabiwa kuwa na ila. Nami naona katika kufanya hivyo waliwadhulumu watoto. Kwa maana mwaka 1980 Roger Bakeman na mwenziwe Brownlee, waliowatazama watoto wa miaka mitatu kwa kufuatisha jambo gani hutangulia lipi, walionyesha kwamba kucheza kando ya mwenzio mara nyingi ni njia ya kubisha hodi. Mtoto huketi karibu na kundi, huchota mchanga ule ule wanaouchota wao, hanyanyui uso, hasemi neno. Na baada ya kitambo kidogo huwa amekwisha kuingia mchezoni bila ya kuomba ruhusa wala kukataliwa. Hii si ishara ya uchanga wa akili, bali ni hekima ya kuishi na watu, na watu wazima wengi wahamiao mtaa mpya hawanayo.

Kanuni nyingine kubwa ya elimu hii ina asili ya kwetu Afrika ya Mashariki, ingawa ni wachache wanaoijua. Jeanne Altmann, mchunguzi wa nyani wa Amboseli huko Kenya, upande wa kaskazini wa Mlima Kilimanjaro, alichapisha mwaka 1974 makala juu ya njia za kutazama mwenendo wa viumbe, na makala hiyo imekuwa msingi wa kazi nyingi zilizofuata, za wanyama na za watoto pia. Hoja yake ni dhahiri ukishaambiwa, walakini kabla ya kuambiwa huioni: jicho likiachwa huru huvutwa na makelele. Mtazamaji asiye na utaratibu hurudi na daftari lililojaa mapigano, vilio na vishindo, akasadiki kwamba kundi lile ni la wagomvi, ilhali sehemu kubwa ya siku ilipita katika kula kwa amani na kuchambuana manyoya. Dawa yake ni kumchagua kiumbe mmoja mapema, kwa zamu au kwa kura, kumfuata kwa muda uliopimwa, na kuandika yote atendayo na yote atendewayo, hata kama atakalofanya muda huo ni kukaa tu.

Fikiri sasa mwalimu mwenye darasa la watoto sitini, anayeulizwa mwisho wa muhula jinsi wanafunzi wake wanavyohusiana. Atawakumbuka kumi wenye fujo na watano wenye kipaji. Waliobaki, ambao ndio wengi, atawataja kwa neno moja la jumla, kwamba ni wazuri au hawana neno. Si kwamba hawapendi. Jicho lake halikupewa ratiba. Fauka ya hayo, jicho moja halitoshi hata likiwa na ratiba, na ndiyo sababu wachunguzi makini huwaweka watazamaji wawili, kila mmoja akiandika pasipo kuona daftari la mwenzie, kisha maandishi yao hulinganishwa kwa hesabu iliyotungwa na Jacob Cohen mwaka 1960, ambayo hupunguza ule upatanifu ambao ungetokea kwa bahati tu.

Faida ya kutazama kwa namna hii yaonekana vizuri sana katika jambo ambalo watu wazima huliamua vibaya kila siku, nalo ni kupambanua mieleka ya mchezo na ugomvi wa kweli. Nicholas Blurton Jones, mwanafunzi wa Niko Tinbergen yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alianza kwa kuchunguza ndege. Kisha katika miaka ya 1960 akaupeleka uchunguzi ule ule kwa watoto wadogo wa shule za Uingereza, na baadaye akaja Tanzania, kwenye Ziwa Eyasi, akawachunguza Wahadzabe na watoto wao wanaochuma matunda na kuchimba mizizi. Alijizuia kuandika maneno kama hasira au uchokozi, ambayo ni hukumu. Aliandika kilichoonekana tu. Watoto wawili wanakamatana. Je, kinywa ki wazi na uso unacheka, au nyusi zimeshuka na jicho limekazwa kwa mwenzie? Kiganja kinapopiga ki wazi, au mkono umekunjwa ngumi? Kuna kitu kinachogombewa katikati yao, mpira au nafasi ya kukaa, au hakuna? Kisha, na hili ndilo lenye uzito, yanapokwisha wanakwenda wapi? Waliocheza hubaki pamoja, wakakimbizana, aliyekuwa chini sasa akawa juu, waliogombana huachana. Mwalimu akiwachapa wote wawili kwa mieleka ya mchezo huwanyima kitu chenye faida, maana humo mtoto hujifunza kuzipima nguvu zake asimuumize amtakaye kuwa sahibu.

Mazungumzo nayo yana siri zake. Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alieleza jinsi yalivyoandikwa maneno yote ya watoto wawili wa miaka sita katika shule moja ya Geneva kwa muda upatao mwezi, na ikaonekana kwamba karibu nusu ya maneno yao hayakumlenga msikilizaji yeyote: walijisemea tu, ijapokuwa walikuwa wamezungukwa na wenzao. Piaget aliona kwamba hii ni dalili ya akili ambayo bado haijajua kuwa mwingine anaona kwa jicho lake mwenyewe. Lev Vygotsky wa Urusi, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1934, mwaka ule ule aliofariki kwa kifua kikuu, alikataa tafsiri hiyo kwa vielelezo vizuri mno. Alipowawekea watoto kikwazo kazini, kama vile kuiondoa kalamu iliyohitajika, kule kujisemea kulikaribia kuongezeka maradufu; na alipowaweka pamoja na watoto viziwi, au wa lugha ngeni, kulipungua sana. Kwa hiyo maneno yale yalikuwa na kazi, na tena yalitaka kuwepo kwa watu. Nenda ukamsikilize mtoto anayetengeneza gari la boksi kwa vizibo vya soda, kimoja kikamchomoka: atauliza kwa sauti kizibo kimekwenda wapi, atajijibu kuwa hiki kikubwa, hakiingii, atajishauri akitoboe katikati, na mwenzie aliye kando, asiyeambiwa kitu, atamnyoshea msumari. Huko ndiko kufikiri kwa mtoto kunakosikika kwa masikio, kabla hakujaingia ndani na kuwa kimya. Darasa linalokataza mnong'ono wa kila aina hukataza na hili.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa tabia ya mtoto katika kundi hutoka ndani yake tu kama meno yatokavyo. Katika miaka ya 1950 Beatrice na John Whiting waliongoza uchunguzi wa watoto katika jamii sita za dunia, za Marekani, Mexico, Ufilipino, Japani, India na Kenya, kwa kuwatazama dakika tano tano wakiwa katika maisha yao ya kila siku. Upande wa Kenya walichaguliwa Wakisii wa mahali palipoitwa Nyansongo. Ikaonekana kwamba watoto wa Nyansongo walizidi katika kusaidia wenziwe na kuwaelekeza katika jambo la manufaa, na watoto wa mji mdogo wa Marekani walizidi katika kutaka kusaidiwa na kuangaliwa. Sababu waliyoiona ni kazi: huku mtoto hubeba mdogo wake mgongoni, huchota maji na kuchunga ng'ombe, kule kazi yake ni kusoma, na kusoma ni kwa faida yake mwenyewe. Carol Ember akaendelea mbele, na mwaka 1973 akachapisha habari za wavulana wa Kijaluo ambao, kwa kukosa dada wa umri wa kufaa, walipewa kazi za nyumbani zilizohesabiwa kuwa za wasichana, hasa kulea watoto. Wavulana hao, walipotazamwa wakiwa nje ya kazi hizo, walionekana wapole kuliko wenzao. Mwenye kulea hulainika, hata akiwa uwanjani.

Ndani ya darasa, saa ya mkononi yaweza kufunua mengi. Mary Budd Rowe alipima muda ambao mwalimu humngojea mwanafunzi baada ya kuuliza swali, akaukuta kwa kawaida ni kama sekunde moja. Na walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, waliokuwa kimya wakasema, na wanafunzi wakaanza kujibizana wao kwa wao badala ya kila neno kupitia kwa mwalimu.

Lakini uchunguzi uliotia uchungu kuliko yote ni ule wa uonevu. Huko Toronto, Kanada, Debra Pepler na Wendy Craig waliwavisha watoto vinasa sauti visivyo na waya na kuwapiga picha kwa mbali wakiwa katika viwanja vya shule, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 pamoja na Lynn Hawkins yalionyesha kwamba katika asilimia 88 ya visa vya uonevu walikuwapo watoto wengine, ila ni katika asilimia 19 tu ambapo mmojawapo aliingilia kati. Na walipoingilia, katika zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Mzazi anayemfundisha mwanawe ajitetee mwenyewe amemfundisha nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kumfundisha asisimame akatazama mwenzie akionewa.

Mwalimu wa shule ya kawaida hana vinasa sauti, wala havihitaji. Akimtazama mtoto mmoja kila siku kwa dakika tano za mapumziko, kwa zamu ya orodha ya darasa, darasa la watoto sitini litakuwa limepitiwa lote kwa siku sitini za shule. Aandike alichokiona, asiandike anachokidhania, na daftari hilo alifungie. Si la kusomwa katika chumba cha walimu kwa kicheko. Miongoni mwa yale atakayoyaona, liko moja ambalo naliombea hadhari mahususi. Ni mtoto ambaye kila aambiwapo jambo hutazama kwanza wenziwe wanafanya nini, ndipo naye akafanya. Acheka baada ya wengine kucheka. Ajitenga michezo inapokuwa ya maneno, akarejea inapokuwa ya kukimbia. Watu humwita mzito au mtovu wa adabu, na yamkini hasikii. Usaha wa masikio uliodumu na maji yaliyotuama nyuma ya ngoma ya sikio huleta hali hii kimyakimya, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayozuilika. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali akapimwe masikio kabla ya hukumu nyingine yoyote juu ya akili yake, na wakati siku ya kupimwa inapongojwa akalishwe mbele, sikio lililo zima likielekea kwa mwalimu, mahali ambapo akigeuka kidogo aweza kuziona nyuso za wenziwe wanaposema.