Je, Wajua? Gari la Petroli Mwanza Halipumui Kama la Dar

Je, wajua kwamba uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari? Harrier, RAV4 au X-Trail isiyo na turbo ikitoka Dar es Salaam kuja Mwanza hupungukiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi na petroli haiungui bila hewa. Ukipandisha kilima cha Bugando na familia nzima ndani, gari likawa zito, usikimbilie kubadilisha plagi. Huenda injini ni nzima kabisa.

Jambo zito zaidi ni hili: kwa mwinuko huohuo, maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100. Injini nyingi za petroli hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95, yaani ukingoni. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ukibana vizuri, mgandamizo wa ndani hupandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110. Mpira wake ukichoka, kinga hiyo hupotea, na foleni ya Barabara ya Nyerere mchana wa jua kali yatosha kuchemsha injini na kuunguza gasketi ya silinda hedi. Wengi hujaza maji matupu wakiona ni kubana matumizi. Sikubaliani nao hata kidogo: kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na kutu ndiyo inayoziba rejeta na kula pampu ya maji.

Je, wajua kwa nini injini nyingi za magari haya zina ujazo wa cc 1,998? Japani kodi ya gari hupanda injini ikivuka cc 2,000. Tanzania nayo imetumia mpaka huohuo kwa miaka mingi: ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kuanzia cc 1,001 hadi mpaka huo, asilimia 10 juu yake. RAV4 ya cc 1,998 hupita upande wa nafuu. Harrier ya cc 2,362 haipiti.

Harrier yenyewe ilitoka Japani mwaka 1997 ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Camry, gari dogo la kutembelea. Ndiyo maana haitikisi abiria kama magari ya porini. Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus RX 300.

Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kwa hiyo mwenye gari linalokunywa sana huchangia zaidi kila anapoingia sheli. Na lita hiyo Mwanza ni ghali kuliko Dar, kwa kuwa imesafirishwa zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandarini. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za kila mji Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Safari fupi za Kirumba hadi mjini hazilidhuru gari la petroli kama zinavyolidhuru la dizeli la kisasa, ambalo kichujio chake cha masizi huziba lisipopata mwendo mrefu.

Mwendo mrefu nao umerahisishwa. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na aendaye Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko.

Kwa maisha ya namna hiyo, injini ya cc 2,000 inatosha. Ukienda kununua lililotumika, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi. Ukikuta maji yenye rangi ya kutu, liache gari hilo utafute jingine.