Nyumba ni ya Nani? Hali za Nomino na Vimilikishi katika Kituruki

Afasiriye Maandiko hana budi kujua mwenye kitu ni nani. Katika makala hii fupi twakusudia kuonyesha jinsi Kituruki kinavyoliweka jambo hilo mwishoni mwa nomino, na jinsi silabi moja iwezavyo kumpoteza mfasiri.

Tuanze na neno *ev*, yaani nyumba. Sisi husema “nyumbani” kwa mahali tulipo, tuendako na tutokako. Kitenzi ndicho kibainishacho. Kituruki huzitenga hali hizo kwa viambishi: *eve* ni kwenda nyumbani, *evde* ni kuwapo nyumbani, *evden* ni kutoka nyumbani. Tena *evi* ni nyumba mahususi inayotendwa jambo, na *evin* ni “ya nyumba”. Pamoja na *ev* tupu, hali ni sita.

Umilikaji nao hubandikwa papo hapo, kama tusemavyo “mwanangu” au “mkewe”: *evim* ni nyumba yangu, *evimiz* ni nyumba yetu. Mpangilio ni mmoja: wingi, kisha mwenye kitu, kisha hali. Hivyo *ev-ler-imiz-den* ni “kutoka katika nyumba zetu”.

Ugumu watokea viambishi vifananapo. *Evi* yaweza pia kuwa “nyumba yake”, na *evin* “nyumba yako”. Neno *evinde* lina maana mbili: *ev-in-de*, “nyumbani mwako”, na *ev-i-n-de*, “nyumbani mwake”, ambamo *n* ni kiunganishi tu. Sikio halisikii tofauti.

Tuchukue habari za Zakayo katika Luka 19:5. Bwana ataka kukaa nyumbani mwa Zakayo mwenyewe, mtoza ushuru aliyechukiwa. Tukiandika *evinde* peke yake, msomaji aweza kudhani ni nyumba ya mtu mwingine, na neema yenyewe ikapotea njiani. Kiwakilishi *senin*, “yako”, kikitangulia, shaka huondoka.

Vivyo hivyo mwenye kitu atajwapo kwa jina, nomino zote mbili hutiwa alama. *Tanrı'nın Oğlu* ni “Mwana wa Mungu”: *-nın* humwonyesha mwenye, na *-u* huitikia katika neno “mwana”.

Kwa hiyo twawasihi wanafunzi wa lugha wasiridhike kutambua shina la neno. Waufuate mkia wake hadi mwisho, kisha waitazame sentensi iliyotangulia, ndipo waseme nyumba ni ya nani.