Fomu Inayosogea Zege Likiwa Bado Bichi

Anayetoka kijiji cha Kiwangwa, mkoani Pwani, kwa njia ya Msata anaweza kukutana na zege la aina mbili kubwa. Akishika kaskazini, atavuka mto Wami kwa daraja jipya lenye urefu wa mita 513.5, lililosimama juu ya nguzo ndefu. Akishika kusini, apite Chalinze mpaka Kimara, Dar es Salaam, ataona njia za mabasi ya mwendokasi zilizoanza kutumika Mei 2016: nazo ni zege, si lami. Zege moja limesimama, jingine limelala, na yote mawili dunia imezoea kuyajenga kwa fomu telezi pale kazi inapokuwa kubwa vya kutosha.

Fundi wa kawaida hufunga mbao, humwaga zege, husubiri likaze, ndipo afungue. Fomu telezi haisubiri. Husogea huku zege likiendelea kumwagwa, na linaloachwa nyuma lazima liwe limeshaanza kujishika lenyewe.

Katika fomu ya wima, ile ya maghala ya nafaka, maghala ya saruji na mabomba ya moshi ya viwanda, ukuta wote huzungukwa ndani na nje na fomu yenye kimo cha takriban mita 1.2. Jeki za haidroliki hukwea fito za chuma zilizosimikwa ukutani, zikiinua fomu pamoja na majukwaa yake: la juu ni la wafunga nondo na wamwaga zege, la chini lililoning'inia ni la wanaosawazisha uso wa ukuta. Mwendo ukiwa sentimita 20 hadi 30 kwa saa, zege huchungulia chini ya fomu likiwa na umri wa saa nne hadi sita. Kazi haisimami, usiku na mchana.

Hapo ndipo joto la pwani linapoleta mtihani. Zege likiganda mapema hung'ang'ania fomu, jeki zinapovuta linapasuka kwa mlalo. Likichelewa, linatoka bichi na kumomonyoka. Ndiyo maana msimamizi mzuri hazitazami saa peke yake: huchomeka ufito ndani ya zege mara kwa mara kupima tabaka lililokwisha kukaza limefika wapi, kisha akaamua kuongeza mwendo au kuupunguza. Kokoto huwekwa kivulini, maji hupozwa kwa barafu, na dawa ya kuchelewesha kuganda huongezwa kwa kipimo kinachobadilika kati ya adhuhuri na usiku wa manane. Kwa maoni yangu, mhandisi asiyekuwa tayari kukesha na mafundi wake asiichague njia hii.

Ipo pia ya wima inayopungua upana kadiri inavyopanda. Mnara wa CN wa Toronto, Kanada, wenye mita 553 na uliokamilika 1976, ulipandishwa hivyo. Inadai vipimo vikali zaidi, kwa kuwa fomu hubanwa kidogo kidogo kila inaponyanyuka.

Fomu ya kupandisha kwa hatua ni ndugu wa karibu, ila si telezi. Humwagwa pandio la mita tatu au nne, linakaza, fomu inafunguliwa na kuinuliwa, kazi inaanza upya. Kwa nguzo chache za daraja kama la Wami ningeanza kuifikiria hii, maana timu moja yaweza kuhama kutoka nguzo hadi nguzo bila hofu ya zege kukatika.

Ile ya mlalo ilianza kutumika barabarani katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1949. Mashine hutembea ikifuata uzi uliovutwa pembeni, hushindilia zege kwa mtetemo na kuliacha na umbo la barabara, ukingo au mtaro. Hapa hazingojwi saa nne. Kinacholisimamisha zege ni ukavu wake. Likizidi maji kidogo tu, kingo zinabonyea.

Sasa chukua tangi la maji la kijiji. Ndilo lingefaidi zaidi ukuta usio na kiungio, kwa sababu maji hupenya palipoungwa. Lakini ndilo lisiloweza kuhakikishiwa saruji, umeme na mafundi wa zamu tatu bila kukatika. Fomu telezi ikisimama ghafla nusu ya ukuta, huacha kiungio kibaya kuliko kile kilichopangwa. Kwa tangi la kijiji kama Kiwangwa nashauri kupandisha kwa hatua, kulaza ukanda wa mpira wa kuzuia maji kwenye kila kiungio, na kukwangua uso wa zege la jana mpaka kokoto zionekane kabla ya kumwaga la leo. Tangi likikomaa lijazwe na kuachwa siku kadhaa kabla ya lipu ya nje, ili panapovuja paonekane na kuzibwa.