Mtumbwi si jukwaa: Kabla hujapuliza vuvuzela ziwani, soma hii

UKIMKUTA shabiki wa ndondo mwaloni Jumapili asubuhi, huwezi kumfananisha na msafiri mwingine. Jezi ya timu ya mtaa ipo mwilini, ngoma ipo kwapani, vuvuzela ipo mdomoni na sauti imeshakauka kabla hata mechi haijaanza.

Mwaka juzi nilipanda mtumbwi wa injini na mashabiki wa aina hiyo. Tulikuwa tunavuka Ziwa Victoria kwenda kisiwani, ambako timu ya kijiji ilikuwa na mechi ya nusu fainali. Mimi nilikuwa naenda kuandika habari. Ndani walikuwemo wachezaji, kocha, mashabiki, akina mama wawili na madumu yao ya mafuta ya kula, pamoja na mbuzi mmoja ambaye mpaka leo sijajua alikuwa wa nani.

Majaketi okozi yalikuwepo sita. Manne kati ya hayo watu walikuwa wameyakalia.

Katikati ya safari ukatokea mtumbwi mwingine uliobeba mashabiki wa wapinzani. Walipotukaribia wakaanza kutuzomea. Unajua tena mashabiki, nani anakubali kuzomewa? Watu wetu wote wakainuka, wakahamia upande ule kwenda kujibu. Ngoma ikapigwa, watu wakaruka.

Mtumbwi ukalala ubavu na maji yakaingia. Si matone, ni maji ya kutosha kulowesha begi la jezi lililokuwa chini.

Nahodha, mzee wa makamo, alizima injini na kupiga kelele: “Kaeni chini! Nyote kaeni chini mlipo! Hapa si uwanjani!”

Watu wakakaa. Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia hata timu ikifungwa bao dakika ya 90. Beki wa kati wa ile timu, kijana mwenye mwili kama mlango, akasema kwa sauti ndogo: “Mzee, tusamehe.” Mzee akajibu: “Si suala la kusamehe mwanangu. Nikiwazamisha hapa, mama zenu nitawaambia nini?”

Mechi tulishinda. Niliandika mabao, nikaandika kona, nikamsifia kipa. Habari ya mtumbwi sikuiandika hata mstari mmoja, kwa sababu niliona si habari ya michezo. Nilikosea, na leo naiandika.

WENZETU HAWAKUFIKA

Desemba 25, 2016, siku ya Krismasi, wachezaji na mashabiki wa timu ya kijiji kimoja cha wilaya ya Buliisa, Uganda, walipanda boti kuvuka Ziwa Albert kwenda wilaya ya Hoima. Walikuwa wanakwenda kucheza mechi ya kirafiki. Haikuwa ligi wala fainali, ilikuwa mechi ya sikukuu tu, kama zile tunazocheza mtaani kila mwaka.

Ndani ya boti kulikuwa na watu wapatao 45. Waliookolewa ni takriban 15. Wengine wapatao 30 walipotea majini.

Polisi wa Uganda walieleza kuwa ziwa halikuwa limechafuka siku hiyo. Boti ilikuwa imejaza, watu walikuwa wanashangilia kwa filimbi na vuvuzela, wakaegemea upande mmoja, na boti ikapinduka. Mimi niliposoma maelezo hayo nilikumbuka ule mtumbwi wetu. Kilichotutenganisha na wale wenzetu ni nahodha mmoja aliyezima injini kwa wakati.

Machi 2025 ikawa zamu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Boti iliyobeba wachezaji waliokuwa wanarudi kutoka kwenye mechi katika mji wa Mushie ilipinduka kwenye Mto Kwa, mkoa wa Mai-Ndombe. Watu takriban 25 walifariki dunia. Ilikuwa usiku, na kutoona vizuri mbele kulitajwa kuwa huenda ndiyo sababu.

Ukiziweka ajali hizi mbili pamoja utaona kitu. Moja ni ya mchana, furaha ikazidi. Nyingine ni ya usiku, safari ya kurudi baada ya mpira kuisha. Kwa timu nyingi za visiwani na mwambao, hizo ndizo safari zenyewe: kwenda kwa shangwe na kurudi gizani.

KWA NINI UNAPINDUKA HARAKA HIVYO?

Mashabiki wengi wamezoea Fuso. Kwenye Fuso mnasimama, mnaruka, mnapiga mabati, na gari linaendelea na safari kwa sababu linakanyaga ardhi. Chombo cha majini hakina kitu cha kukanyaga.

Mtumbwi unatulia pale uzito unapokuwa chini na katikati. Mkisimama, uzito unapanda juu. Mkihamia upande mmoja, upande ule unashuka kuelekea usawa wa maji. Ukiwa umejaza kupita kiasi, ile nafasi kati ya maji na ukingo wa mtumbwi tayari ni ndogo, pengine kiganja kimoja. Hapo halihitajiki wimbi kubwa. Maji yakishaingia nayo yanakimbilia upande ule ule ulioinama, yanaongeza uzito, na shughuli imeisha.

Kwa lugha yetu ya mpira, ni sawa na timu nzima kupanda kwenye kona, kipa naye yumo, halafu mpira unanaswa. Hakuna wa kurudi kuzuia.

Na usidhani ni mitumbwi tu. Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na ufukwe na watu 272 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimebeba abiria kuliko uwezo wake.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza mita chache kufika gati ya Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, lakini waliofariki peke yao walizidi 220. Wapo waliokuwa wameshainuka na mizigo yao, wakisogea upande wa kushukia.

Shabiki, hapo ndipo pa kujifunza. Kukaribia nchi kavu si kufika. Ile dakika ambayo kila mtu anataka kuwa wa kwanza kushuka ni sawa na dakika za nyongeza. Timu nyingi hufungwa hapo kwa kudhani mechi imeisha.

PRESHA YA USHINDI WA MEZANI

Sasa twende kwenye kitu ambacho sisi watu wa mpira hatupendi kukisema. Timu nyingine zinapanda chombo kibaya kwa sababu zinaogopa kupoteza pointi.

Kanuni za mashindano mengi ziko wazi. Timu isipofika uwanjani kwa muda uliopangwa, mwenyeji anapewa ushindi wa mezani. Ni kanuni nzuri kwa timu inayosafiri kwa Coaster kwenye lami. Lakini mpe kanuni hiyo hiyo meneja aliyesimama mwaloni saa 2:00 asubuhi, upepo umechachamaa, nahodha anasita, na simu ya mratibu wa mashindano inaita kila dakika tano ikiuliza “mmefika wapi?” Huyo meneja atapanda, na atapandisha vijana 20 wa watu.

Vyama vya soka vya wilaya zenye visiwa vinaweza kulimaliza hili kwa kifungu kimoja tu kwenye kanuni: timu inayotakiwa kuvuka maji ikizuiwa na hali ya hewa au na wakaguzi wa vyombo, mechi inahamishiwa siku nyingine. Hakuna faini wala ushindi wa mezani.

Kitu cha pili ni muda wa mechi. Mpira ukianza saa 10:00 jioni, unaisha karibu na saa 12:00. Watu wapongezane, wabadilishe nguo, wamsubiri mfungaji apige picha, chombo kinaondoka jua linazama. Nusu ya safari ni giza. Ziwa Victoria linajulikana kwa radi na upepo wa ghafla unaoibuka zaidi nyakati za usiku na alfajiri. Mechi ikianza saa 8:00 mchana, saa 10:00 imeshaisha na watu wanarudi wakionana nyuso. Jua litakuwa kali, sawa, lakini jua ni la kuvumilia. Kama haiwezekani, timu ilale huko huko. Madarasa ya shule na magodoro ya kuazima hayajawahi kuua timu.

Cha tatu ni orodha. Kabla ya mechi, mwamuzi anapewa majina ya wachezaji wote hadi wa akiba, na namba za jezi zao. Lakini mwaloni hakuna anayeandika jina la mtu. Ilipozama MV Bukoba mwaka 1996, na ilipozama MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba mwaka 2011, moja ya mambo yaliyoumiza zaidi ni kwamba idadi kamili ya waliokuwemo haikujulikana. Meneja wa timu, andika majina ya wote, mashabiki wakiwemo, uache nakala kwa mtu wa nchi kavu. Ni kazi ya dakika kumi.

KABLA YA KUPANDA

Kagua chombo kama unavyokagua uwanja wa ugenini. Ukiona kinachotwa maji kabla ya safari, ukingo wake umekaribia maji, au nahodha amelewa, usipande. Usione aibu, na usisubiri wenzako waanze kugoma.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) usiku wa kuamkia safari, na asubuhi muulize nahodha na wavuvi mwaloni. Wale wanalijua ziwa lao. Wakisema tusubiri, subirini.

Jaketi okozi livae kabla chombo hakijaondoka, funga kamba zote, hakikisha halikupwayi. Jaketi ulilolikalia haliwezi kukusaidia, kwa sababu chombo kikipinduka hupati sekunde za kulitafuta. Watoto wapewe saizi yao. Klabu inayoweza kununua seti mbili za jezi inaweza pia kuanza kununua majaketi, hata matano matano, yakawa mali ya timu kama yalivyo mabibo na koni za mazoezi.

Ukishaingia, kaa chini, na ubaki hapo ulipokaa. Imbeni, hakuna anayewakataza kuimba. Ila ngoma zipigwe mkiwa mmekaa, na selfie ya kusimama ukingoni isubiri nchi kavu. Bia nazo zisubiri.

KIKIPINDUKA UFANYE NINI?

Kwanza, usihangaike kuogelea kwenda nchi kavu kwa sababu unaiona. Umbali wa majini unadanganya, na wachezaji wenye pumzi ya dakika 90 wamewahi kuishiwa njiani. Mtumbwi wa mbao uliopinduka mara nyingi huendelea kuelea. Ushike, jisogezeni pamoja, itaneni majina. Kundi la watu ni rahisi kuonekana kuliko kichwa kimoja.

Pili, kama huna cha kushika, lala chali, tanua mikono, elekeza uso juu na uvute pumzi taratibu. Kurusha mikono na kupiga kelele mfululizo kunamaliza nguvu. Viatu vizito vivue.

Tatu, tafuta kinachoelea. Dumu tupu lenye kifuniko lililofungwa vizuri linaelea. Na sisi watu wa mpira tuna kitu ambacho wasafiri wengine hawana: begi la mipira. Mpira uliojaa upepo, ukiukumbatia kifuani, unakusaidia kubaki juu. Hauwezi kuchukua nafasi ya jaketi, lakini siku hiyo ni bora kuliko mikono mitupu. Kwa hiyo usitoe mipira upepo ili begi lienee vizuri, na begi lisifungiwe chini ya mizigo.

Nne, ukiwa salama na mwenzako anazama, usimrukie. Anayezama hukukamata na kukuvuta chini bila kukusudia. Mrushie kamba, dumu, kasia au mpira. Mwenye simu nchi kavu apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na awaite wavuvi waliopo karibu, maana mara nyingi wao ndio hufika kwanza.

TUNAVUKA TENA

Jumapili hii kuna timu zinavuka. Zipo za Ukerewe, zipo za visiwa vya Muleba, zipo za Mafia, na kati ya Unguja na Pemba timu zinapishana msimu mzima. Mashabiki watakuwa mwaloni na bandarini mapema, na nawaombea washinde wote, ingawa najua haiwezekani.

Yule nahodha wetu wa mwaka juzi alituvusha pia siku ya kurudi. Timu imeshinda, watu wana mzuka, na bado hakuna aliyesimama. Tuliimba njia nzima tukiwa tumekaa. Mtu wa kwanza kuvaa jaketi alikuwa yule beki wa kati. Majaketi yalikuwa bado ni yale yale sita, na nilipofika nchi kavu hilo ndilo jambo la kwanza nililomuuliza meneja wa timu.

Ulizeni na nyie, kabla ya kuuliza kikosi cha leo kikoje.