Chumvi Inavyopanda Mtoni: Aina za Milango ya Mito

Mto unapokutana na bahari, maji baridi na maji chumvi hayachanganyiki kwa namna moja kila mahali. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kuainisha milango ya mito.

Maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, hivyo ni mazito kuliko ya mto. Pale mto unapokuwa na nguvu na kupwa na kujaa kukawa kudogo, kama Mississippi nchini Marekani, maji baridi hupita juu na maji chumvi hupenya chini mfano wa kabari. Kupwa na kujaa kukiwa kukubwa, matabaka hayo huvurugika kwa sehemu au kabisa. Katika mto Saloum nchini Senegali mambo yamegeuka: jua hukausha maji mengi kuliko yanayoletwa na mto, na chumvi huzidi kadiri mtu anavyoiacha bahari nyuma.

Pwani ya Tanzania, ambako maji hupanda kwa takriban mita 3 au zaidi wakati wa bamvua, mchanganyiko kwa kawaida ni mkubwa. Lakini aina si muhuri wa kudumu. Masika mto husukuma. Kiangazi bahari husogea ndani. Pangani ni mfano wa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa maji yake hutumika kwa umwagiliaji na umeme tangu bara, likiwamo Bwawa la Nyumba ya Mungu. Yanayofika pwani yakipungua, chumvi hupanda mtoni hadi mashambani. Kwa mkulima wa huko, chumvi ikipimwa juu na chini ya maji, wakati wa kujaa na wa kupwa, ndipo hujulikana pampu iwekwe wapi na izimwe saa ngapi.